Jogoo wa Mjini Atawika Awasi?

Wahenga walisema jogoo wa shamba hawiki mjini. Walisema kweli, lakini hawakutuambia habari za jogoo wa mjini akiletwa shamba. Je, yeye atawika? Hilo ndilo swali nililolichagua mwaka huu, nanyi wasomaji wapenzi, walimu wangu na wanafunzi wenzangu, nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunicheka. Najua wengine mtasema, "Kwani hakuna mambo ya maana ya kuandika? Si kuna ufisadi, kuna dawa za kulevya, kuna wizi wa mitihani?" Naam, yapo, na kila mwaka yanaandikwa. Habari za jogoo haziandikwi, ilhali wengi wetu katika shule hii ya kutwa tunalipiwa chakula cha mchana kwa pesa za mayai.

Mambo yalianzia darasani. Sisi wa kidato cha tatu tunasoma uteuzi na uzalishaji wa mifugo katika somo la Kilimo. Siku moja mwalimu wetu akauliza, "Mama yako ana kuku kumi wa kike. Amekupa pesa za jogoo mmoja tu. Utamletea yupi?" Loo! Darasa likawa kama soko la Awasi siku ya soko. Huku wanapiga kelele Kuroiler, kule wanajibu Sasso, wengine wanasema yule kienyeji aliyeboreshwa wa Naivasha. Kijana mmoja alipothubutu kusema jogoo wa kienyeji, alichekwa na kuambiwa kuwa yeye ni wa zamani kama KANU, chama cha jogoo kilichotawala Kenya tangu 1963 hadi 2002. Nami nilijua kwamba huyo kijana hakukosea sana, lakini nilinyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kumenifanya nishike kalamu leo.

Kwanza niwaambie kwa nini jogoo si jambo dogo. Kuku mmoja wa kike ni mama wa vifaranga vyake tu. Jogoo ni baba wa boma zima. Kila kifaranga hupata nusu ya damu yake kwa mama na nusu kwa baba. Ukiwa na kuku kumi na jogoo mmoja, kila mama amechangia sehemu ndogo ya kizazi kijacho, lakini huyo jogoo amechangia nusu yote peke yake. Ukikosea kuku mmoja umekosea kiota kimoja. Ukikosea jogoo, umekosea mwaka mzima na hata miaka inayofuata, maana binti zake ndio watakaokuwa mama zao kesho.

Wazee wetu Wajaluo walimjua jogoo kabla ya kitabu cha Kilimo kuandikwa. Mtu akienda kuanzisha boma lake jipya huondoka na jogoo, shoka na moto. Shoka ni la kujengea, moto ni wa kupikia, na jogoo ndiye alama ya kwamba hapa pana mwenyewe. Wanaofuata mila hii hawasemi lazima awe jogoo mkubwa kuliko wote. Wanachotaka ni jogoo wa nyumbani, aliyezoea nyumbani.

Sasa niwasimulie yaliyotupata sisi. Mwezi wa Desemba 2022, baba yangu mdogo alikuja kutoka Nairobi kwa sikukuu. Alikuwa amebeba boksi lenye matundu. Ndani mlikuwa na jogoo chotara mwekundu, kifua kama cha askari, miguu minene kama vidole vyangu viwili vikiunganishwa. Akamwambia mama, "Shemeji, hawa kuku wako wadogo hawa ni kama kware. Huyu atakubadilishia maisha." Majirani walikuja kumtazama kana kwamba ni gari jipya. Jogoo wetu mzee, mdogo wa mwili lakini mkali, alichinjwa siku ya Krismasi akaliwa kwa ugali. Nyanya alikula kimya, kisha akaniambia, "Nyakwara, tumemla mlinzi. Hebu tuone mgeni atalindaje."

Sitaki kusema uongo. Mwanzoni mgeni alitubadilishia maisha kweli. Vifaranga vyake vilikua upesi. Kufikia miezi mitano vijogoo vyake vilikuwa vizito kuliko vijogoo vya jirani vya miezi minane. Mitetea walipoanza kutaga, walitaga kama wanaolipwa mshahara. Mwaka huo wa 2023 ndio nilioingia kidato cha kwanza, na pesa zangu za chakula cha muhula wa tatu zilitoka kwenye mayai hayo, hata senti haikukopwa. Kwa hivyo nikimsema huyu jogoo, namsema kama mtu aliyekula kwake.

Taabu ilikuja kwa njia ambayo hatukuitarajia. Mama aliona mitetea ni wazuri, akauza kuku wake wa zamani mmoja baada ya mwingine ili abaki na damu mpya tupu. Walipobaki wawili tu, akangoja mitetea walalie mayai. Hakuna aliyelalia. Mmoja alikaa siku tatu akaondoka, mwingine alikaa siku sita akahamia kwenye kiota kingine. Yai la kuku linataka siku 21 za joto bila mchezo. Mayai yalioza. Tulikuwa na mayai mengi kuliko wakati wowote, lakini vifaranga hatukuwa navyo. Ni kama shule yenye madawati mengi na hakuna kidato cha kwanza kinachoingia.

Baadaye ndipo nikaelewa sababu. Kuku anapolalia mayai huacha kutaga kwa wiki nyingi: anaatamia, kisha analea. Mwenye kampuni anayetaka mayai mengi humwona kuku wa namna hiyo kuwa ni hasara. Kwa hivyo watu wanaozalisha kuku wa biashara wamekuwa wakichagua, kizazi baada ya kizazi, wale wasiopenda kulalia. Kwao vifaranga huanguliwa kwa mashine. Basi jogoo akitoka katika ukoo huo hukuletea sifa zote mbili pamoja: mayai mengi na uvivu wa kulalia. Hawezi kukupa ya kwanza akaiacha ya pili Nairobi.

Halafu yakaja mafuriko ya mwaka wa 2024. Wote tunayakumbuka, mwezi wa Aprili na Mei, jinsi uwanda wa Kano ulivyokuwa ziwa. Kwetu maji yaliingia usiku. Asubuhi tuliwakuta wale kuku wawili wa zamani juu ya mwembe, wamelowa lakini wazima. Waliruka wenyewe gizani. Chotara wetu walikuwa 12. Miili ilikuwa mizito, hawakuzoea kulala mtini, na saba kati yao walikufa ndani ya banda pamoja na baba yao. Mama hakulia. Alikaa tu juu ya kinu kilichopinduliwa akiwatazama wale wawili mtini. Muhula huo nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya pesa za chakula.

Sasa, je, nataka kusema kuku wa kisasa ni wabaya? La hasha! Hapo ndipo wenzangu darasani wangenielewa vibaya. Kuroiler alizalishwa nchini India na kampuni ya Kegg Farms ya Bwana Vinod Kapur katika miaka ya 1990, tena alikusudiwa watu wa vijijini. Hula mabaki ya nyumbani, hukua upesi, na huweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwa mwaka, huku kuku wetu wa kienyeji akitaga kama 40 hadi 60. Kutoka Uganda, alikojaribiwa kuanzia mwaka wa 2010 hivi, jina lake likavuma Afrika Mashariki yote. Sasso ana asili ya Ufaransa. Yule wa Naivasha alizalishwa na watafiti wetu wenyewe wa KARI, ambayo sasa ni KALRO, kutokana na kuku wa kienyeji waliokusanywa sehemu mbalimbali za Kenya. Hizo ni kazi za watu wenye akili, na mtu mwenye banda zuri, chakula cha kununua na mahali pa kupata vifaranga kila mara atafaidika.

Lakini Kuroiler na Sasso ni chotara. Tulifundishwa darasani kwamba chotara wa kwanza huwa na nguvu kuliko wazazi wake, ila akizaa, nguvu hiyo hupungua na watoto hutofautiana, mmoja mkubwa, mwingine mdogo, mwingine haeleweki. Aliyemuunda hakumkusudia awe baba wa ukoo. Alimkusudia uje umnunue tena. Kwa hivyo ukimfanya jogoo wa boma, unajenga nyumba kwa matofali ambayo hayakuchomwa.

Tena jambo hili si geni Kenya. Mnamo 1976 serikali yetu, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku. Ndani yake mkulima aliweza kutoa jogoo wake wa kienyeji akapewa jogoo wa kigeni ili aboreshe kuku wake. Nia ilikuwa njema, na vizazi vya kwanza vilikuwa vikubwa na vilitaga zaidi. Lakini kuku hao walitaka chakula na uangalizi zaidi, na kwenye maboma ya kujitafutia wengi hawakustahimili. Mpaka leo kuku walio wengi Kenya ni wale wale wa kienyeji. Hawakubaki kwa sababu Wakenya ni wajinga, walibaki kwa sababu wanajua kuishi. Basi mbona sisi tunarudia somo ambalo babu zetu walishalifanyia mtihani?

Mtaniuliza, "Kwa hivyo wewe unataka tubaki nyuma na vikuku vya mayai 40?" Swali hilo ni la haki, na hata mama aliniuliza. Jibu langu ni kwamba kabla ya kuuliza jogoo gani ni bora, tuulize kwanza nani atamlisha na nani atalalia mayai ya binti zake. Kama jibu ni duka na mashine, nunua chotara. Kama jibu ni jaa la takataka, mchwa, makombo ya ugali na kuku mwenyewe, basi jogoo wako awe yule ambaye mama yake alilalia akaangua, na dada zake wanalalia mpaka sasa. Hakuna jogoo bora wa watu wote. Kuna jogoo anayelingana na boma.

Na ndani ya kienyeji mna uteuzi. Watu hudhani kienyeji ni kienyeji, kumbe sivyo! Kuna kuchi wa pwani, mrefu, mgomvi, jogoo wa kupigana. Anapendeza macho, lakini boma dogo halitaki vita kila asubuhi. Kuna mwenye kishungi kichwani. Na kuna kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, ambaye wengi wetu tunamcheka ati amenyolewa na shetani. Jamani, tumwombe radhi! Manyoya machache yanamsaidia kutoa joto mwilini, na sisi wa Kano tunajua joto la saa nane mchana ni kitu gani. Jogoo wa kishingo akiwapanda kuku wa kawaida, kwa wastani nusu ya vifaranga au zaidi watatoka na shingo kama yake. Kwa hivyo si ajali wala laana, ni urithi unaoweza kuuchagua.

Baada ya kusoma, kuuliza na kuonja shida, haya ndiyo naona mtu wa Awasi mwenye kuku wachache ayatazame anapomtafuta jogoo. Moja, atoke mbali. Usimchukue kwa jirani aliyechukua kwako mwaka jana, maana huyo ni ndugu. Tena usimwache jogoo mmoja akae mpaka awapande binti zake. Kifaranga anayezaliwa hapo ana robo tatu ya damu ya mzee huyo huyo, na udhaifu wote uliojificha unajitokeza. Ubadilishe jogoo kila mwaka au kila mwaka na nusu.

Mbili, uliza habari za mama yake kabla ya kumtazama yeye. Je, alilalia? Aliangua vingapi, na vingapi vilipona mwewe na kicheche? Jogoo hatagi wala halalii, kwa hiyo sifa hizo huzioni mwilini mwake. Utazisikia tu kwa mwenye kuku. Sokoni hakuna wa kukuambia. Ndiyo sababu afadhali jogoo wa shangazi kuliko jogoo wa boksi.

Tatu, mtazame mwenyewe. Awe na miezi minane au zaidi, macho maangavu, miguu iliyonyooka, kifua kipana kwa ukoo wake. Mrushie punje chache za mahindi. Jogoo mwema huita kuku wake kabla ya kula. Mchoyo anakula peke yake, na siku mwewe akija huwa wa kwanza kukimbilia chini ya gari.

Nne, kumi kwa mmoja. Kuku kumi wanatosha jogoo mmoja wa kienyeji. Ukiweka majogoo watatu kwa kuku sita ili boma lichangamke, watawararua kuku mgongo.

Tano, chanjo. Hapa hakuna kienyeji wala mzungu. Ugonjwa wa Newcastle, ambao Waswahili huuita kideri, humaliza boma lote kwa wiki moja. Kuna chanjo ya tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Na jogoo mgeni afungiwe peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenzake. Kumpigia jogoo mpya makofi halafu ukasahau chanjo ni sawa na kununua sare mpya bila kulipa karo.

Na yule anayetaka mayai ya chotara pamoja na vifaranga, asikate tamaa. Aweke chotara wachache wa kutaga, lakini asiuze kuku wake walalaji wote kama tulivyofanya sisi. Kuku wa kienyeji hajali yai ni la nani. Mwekee mayai ya chotara, atayaangua kama yake. Kosa letu halikuwa kumpokea mgeni. Kosa letu lilikuwa kumfukuza mwenyeji.

Kwetu sasa mambo yako hivi. Mwaka jana, baada ya maji kukauka, mama alipeleka vijogoo viwili kwa dada yake anayeishi Nyakach akarudi na jogoo mmoja wa kishingo. Baba mdogo alipomwona Desemba alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, huyu ni jogoo au ni tai?" Mama akamjibu, "Mama yake aliangua vifaranga kumi na moja, na wewe ulikuwa Nairobi." Basi kicheko kikaisha. Sasa tuna kuku 16, na watatu wanalalia ninapoandika haya. Mayai ya kuuza ni machache kuliko yale ya 2023, sitawadanganya, na muhula huu bado tunadaiwa pesa za chakula. Lakini kila mwezi kuna kijogoo cha kuuza, na hatumngoji mtu atuletee boksi ndipo kizazi kingine kianze.

Mwalimu wangu wa Kilimo, hilo ndilo jibu langu, japo limechelewa. Na wewe kijana uliyechekwa, nisamehe kwa kunyamaza. Wenzangu, mkienda nyumbani likizo hii, msimwulize mama, "Jogoo wetu ana kilo ngapi?" Mwulizeni, "Nani kati ya hawa analalia?" Kutokana na jibu hilo mtajua jogoo wa kununua.

Kuna nyanya yangu mmoja tu, na ndiye nampa neno la mwisho. Juzi alfajiri nikitoka kwenda shule, kishingo akawika. Nyanya akasema mlangoni, "Sauti yake mbaya, lakini amewika hapa."

Naweka kalamu chini.